Gari la Moshi Linalozunguka na Kurudi Palepale: Somo juu ya Tweetsie



Somo letu la safari hii linahusu kitu ambacho wengine watacheka wakisikia. Ni gari la moshi linalopakia watu, linazunguka mlima, kiisha linawashusha palepale walipopandia. Na watu wanalipa pesa! Baba analipa, mama analipa, watoto wanapanda, lakini hakuna anayefika mahali. Gari hilo liko Marekani, katika jimbo la North Carolina, kati ya miji midogo ya Blowing Rock na Boone. Linaitwa Tweetsie.

Tumelichagua kwa sababu tatu. Ya kwanza ni fizikia: hakuna njia nzuri ya kuelewa nguvu ya mvuke kupita kuifuata ndani ya mashini. Ya pili ni historia na jiografia. Ya tatu ni swali linalotugusa sisi wenyewe: vitu vya kazi ya wazee wetu, kazi yao ikiisha, tuvifanyie nini? Tuviache vioze, tuviuze kwa kilo, ao tuvitunze? Na kutunza maana yake ni nini?

1. JINA LAKE

Walioijenga reli hii waliipa jina refu: East Tennessee and Western North Carolina Railroad, yaani reli ya mashariki ya Tennessee na magharibi ya North Carolina. Jina la namna hiyo halienei ubavuni mwa behewa, basi wakaandika herufi tu: E.T. & W.N.C. Wakaaji wa milima ile ni watu wa utani. Walizisoma herufi hizo kwa namna yao, na katika lugha yao zilitoa maneno haya: kula viazi wala usivae nguo. Ilikuwa njia ya kucheka umaskini wao wenyewe.

Jina la Tweetsie lilikuja nyuma, na halikutoka kwa wakubwa wa reli. Lilitoka katika masikio ya watu. Filimbi ya mashini ilikuwa na sauti nyembamba, na milima iliirudisha: tuiit, tuiit. Watu wakaita gari kwa sauti yake. Sisi tunafanya vilevile. Nani alikaa katika ofisi akaamua moto iitwe tukutuku? Hakuna. Watu walisikia ikilia, wakaiita.

2. KAZI YAKE YA KWANZA

Kampuni ilipata ruhusa ya serikali mwaka 1866, lakini milima ni migumu na pesa ilikuwa kidogo. Mwaka 1882 ndipo reli ilifika Cranberry, katika North Carolina, ikitokea Johnson City, katika Tennessee. Ni karibu kilometa 55. Kilichowavuta pale ni mgodi wa mawe ya chuma. Kufika mwaka 1919 njia ilikuwa imeongezwa mpaka Boone, na urefu wote ulikuwa karibu kilometa 106.

Hapa mwanafunzi wa Katanga anaelewa upesi. Reli yetu ilifika Lubumbashi mwaka 1910, na iliyoiita ni shaba. Yao iliitwa na chuma. Mara nyingi reli haijengwi kwanza kwa ajili ya watu. Inajengwa kwa ajili ya mawe, na watu wanapanda nyuma ya mawe.

Tuangalie sasa upana wa njia. Katika sehemu nyingi za dunia vyuma viwili vya reli vinaachana milimeta 1,435. Kwetu Katanga, na kutoka Matadi mpaka Kinshasa, vinaachana milimeta 1,067. Kule Uele, reli ya Vicicongo ilikuwa ya milimeta 600 tu. Ile ya Tweetsie ni ya milimeta 914. Sababu ni moja pahali pote: milima na pesa. Njia nyembamba inaweza kukata kona kali, haiombi kupasua mwamba mpana, na madaraja yake ni mepesi. Lakini ina bei yake ya nyuma. Gari lake ni dogo, halibebi sawa gari kubwa, na likikutana na reli pana lazima mizigo ishushwe na kupakiwa tena. Ukiokoa pesa wakati wa kujenga, utailipa kidogo kidogo wakati wa kutumia.

Pamoja na hayo, wakaaji walilipenda gari lao. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1930, wakati wa ukosefu mkubwa wa kazi Marekani, wafanyakazi wa reli hawakumwacha mtu njiani juu ya kukosa nauli. Inasimuliwa pia kwamba mama aliyekaa mlimani aliweza kumtuma mwenye tiketi amnunulie uzi ao dawa mjini, naye akamletea jioni. Gari la namna hiyo si chuma tu. Ni jirani.

Kisha mambo mawili yaliliua. Moja lilikuja kwa siku moja, lingine pole pole. Mwezi wa nane 1940 mvua kubwa ilileta mafuriko, yakabeba njia upande wa Boone. Sehemu ile haikujengwa tena. Na barabara zilikuwa zinaongezeka kila mwaka, kamioni zikachukua mizigo. Tarehe 16 mwezi wa kumi 1950, gari la mwisho la njia ile nyembamba lilitembea, na vyuma vikaanza kung'olewa.

3. NAMNA MASHINI NAMBA 12 ILIVYOPONA

Kati ya mashini za mvuke za njia ile nyembamba, moja tu imebaki mpaka leo: namba 12. Ilitengenezwa mwaka 1917 katika kiwanda cha Baldwin, mji wa Philadelphia. Dada zake wawili, namba 10 na namba 14, walichukuliwa na jeshi mwaka 1942 kwenda kufanya kazi ya vita kwenye reli ya White Pass and Yukon, kaskazini kabisa, upande wa Alaska na Kanada. Huko jumba la mashini liliungua, nao wakaharibika. Zingine zilikatwa zikawa vyuma vya kuyeyusha.

Namba 12 ilinunuliwa na watu waliopenda reli. Mwaka 1953 waliianzishia njia fupi ya matembezi katika jimbo la Virginia. Hawakupata bahati. Mwezi wa kumi 1954 dhoruba iliyoitwa Hazel iliharibu njia yao, na matembezi yakafa. Mashini ikakaa kimya tena.

Aliyefuata ni Gene Autry, mwimbaji na mcheza sinema aliyejulikana sana. Alipata haki ya kuinunua, akitaka kuipeleka California. Lakini kusafirisha mashini kama ile kutoka bahari moja mpaka bahari nyingine si mchezo. Ndipo Grover Robbins, mfanyabiashara wa Blowing Rock, akaiomba. Inasimuliwa kwamba Autry alimwachia haki ile kwa dola moja. Robbins aliipeleka kwa mafundi katika mji wa Hickory, wakaifungua na kuitengeneza. Mwezi wa tano 1957 ikarudi katika milima yake. Tarehe 4 mwezi wa saba 1957, siku ya uhuru wa Marekani, watu walianza kuipanda. Mwaka 1958 njia ikatimia mviringo wa karibu kilometa 5, na ndiyo inayotembewa mpaka leo.

Mwaka 1960 ikapata mwenzake, mashini namba 190, iliyotengenezwa na Baldwin mwaka 1943 kwa ajili ya jeshi. Nayo ilitoka wapi? Kwenye reli ileile ya White Pass and Yukon ambako dada wawili waliungua. Reli ile ilichukua wawili, ikarudisha mmoja.

Mwaka 1992 serikali ya Marekani iliandika namba 12 katika daftari la vitu vya historia ya taifa. Angalieni vizuri miaka hiyo. Kutoka 1957 mpaka 1992 ni miaka 35. Daftari halikuiokoa mashini. Lilikuta imekwisha kuokolewa na watu walioipatia kazi.

4. MOTO, MAJI NA MVUKE

Sasa tuingie katika fizikia. Mama akipika bugali, kabla ya kutia unga anafunika chungu ili maji yachemke upesi. Kifuniko kinaanza kuruka-ruka. Ni nini kinakisukuma? Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi kubwa. Litre moja ya maji, ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida, inajaza zaidi ya litre 1,600. Ukinyima mvuke nafasi hiyo, unasukuma. Mashini yote ya gari la moshi ni kifuniko kile cha chungu kilichofundishwa kazi.

Tufuate njia yake hatua kwa hatua.

a) Nyuma ya mashini kuna jiko la chuma. Pale Tweetsie wanachoma makaa ya mawe.

b) Mbele ya jiko kuna pipa kubwa la chuma lililolala, lenye maji. Katika vitabu vyetu vya fizikia tunaliita shodiere. Ndani yake mna mabomba mengi. Moto na moshi vinapita ndani ya mabomba, maji yanayazunguka pande zote. Kwa nini bomba nyingi, si moja kubwa? Kwa sababu bomba nyingi nyembamba zinagusa maji kwa eneo kubwa zaidi, na joto linapita upesi.

c) Mvuke unakusanyika juu, umefungiwa. Kwa kuwa umefungiwa, nguvu ya kusukuma inapanda, na maji hayachemki tena kwa digrii 100. Nguvu ikifika mara 10 ya ile ya hewa inayotuzunguka, maji yanachemka kwa karibu digrii 180.

d) Dereva akivuta mkono wa kufungulia, mvuke unateremka katika silinda mbili, moja kuume na moja kushoto. Ndani ya kila silinda kuna pistoni. Kilango kidogo kinachoteleza kinatuma mvuke mbele ya pistoni, kisha nyuma, mbele, nyuma. Pistoni inasukumwa pande zote mbili.

e) Pistoni inasukuma fimbo ndefu ya chuma, na fimbo inazungusha magurudumu. Namba 12 ina magurudumu sita makubwa ya kuvuta, na mengine manne madogo mbele ya kuongoza mashini katika kona.

f) Mvuke uliokwisha kufanya kazi hautupwi ovyo. Unatokea katika bomba la moshi, na ukitoka kwa nguvu unavuta moshi pamoja nao, na moshi ukitoka hewa mpya inaingia jikoni. Kwa hiyo mashini inajipulizia moto yenyewe. Ikipanda mlima inatumia mvuke zaidi, na kwa kutumia zaidi inapuliza moto zaidi. Ile sauti ya chu, chu, chu ambayo watoto wanaigiza ndiyo mvuke unaotoka silindani.

Wapo watu wawili juu ya mashini. Mmoja anaendesha, mmoja analisha moto na kuchunga maji. Kwa Kifaransa yule wa moto aliitwa chauffeur, yaani mwenye kupasha moto. Ndilo neno letu shofere! Kila siku tunaita shofere mtu wa taxi ao wa kamioni, hata hashiki makaa. Na neno gari la moshi tunalisema hata kwa treni ya mazuti, hata kwa ile ya umeme iliyoanza Katanga katika miaka ya 1950. Moto umezimika, maneno yake yangali katika kinywa chetu.

Kazi ya yule wa pili ni ya hatari. Paa la jiko lazima lifunikwe na maji daima. Maji yakishuka chini ya paa, chuma kinapata moto mno, kinalegea, na mvuke wote unaweza kutoka kwa mlipuko. Watu wengi wa reli walikufa hivyo zamani. Ndiyo maana mbele ya macho ya wafanyakazi kuna bomba la kioo linaloonyesha maji yamefika wapi. Anayejua kuvuta mkono wa mvuke tu hajawa mtu wa mashini. Mtu wa mashini ni yule asiyesahau kioo.

5. SIKU YA JAMAA PALE TWEETSIE

Jamaa zinafika asubuhi kwa magari yao, lakini mafundi wamefika mbele yao sana. Shodiere ya baridi haiwashwi sawa taa. Inapashwa moto pole pole kwa saa nyingi, ili chuma kipanuke sawasawa kisipasuke. Wakati mtoto angali kitandani, mtu amekwisha kusafisha majivu, kutia mafuta kwenye viungo vya fimbo, na kuangalia kioo cha maji.

Jamaa inalipa mlangoni na kuingia. Kuna maduka ya mbao yaliyojengwa kwa mfano wa mji wa zamani, kuna michezo ya kuzunguka kwa watoto wadogo, kuna viti vya kuning'inia kwenye kamba ya chuma vinavyopandisha watu mlimani, kuna mbuzi na swala wa kulishwa kwa mkono. Lakini filimbi ikilia, wote wanageuka. Wanapanda mabehewa yaliyo wazi madirishani. Moshi unaingia, na wakati mwingine punje ya makaa inatua juu ya shati jeupe. Gari linazunguka mlima, linasimama katikati ya njia kwa mchezo wa wanyang'anyi na askari, kisha linarudi.

Faida iko wapi? Tuangalie vizazi vitatu vilivyokaa katika kiti kimoja. Babu anajua sauti ile tangu utoto. Baba aliipanda kwa mara ya kwanza palepale alipokuwa mdogo. Mtoto hajui kitu, anauliza: kwa nini inatoa maji chini? Kwa nini mtu yule amekuwa mweusi mikono? Kwa nini inalia kabla ya kona? Na kuna watu wawili wa kumjibu. Wengi wa watoto wale wameona vitu vingi vinavyotembea vyenyewe, vimefungwa ndani ya sanduku, havionyeshi kitu. Mashini ya mvuke haifichi. Moto unauona, maji unayasikia, fimbo unaiona ikisukuma. Ni mwalimu asiyefunga kitabu chake.

Wengine kati yetu watasema: hao wana pesa za kuchezea. Ni kweli kidogo. Lakini tupige hesabu. Makaa yananunuliwa, mafundi wanalipwa, bomba za shodiere zinachoka na kubadilishwa. Pesa hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwa yule baba aliyelipa mlangoni. Tiketi ya mtoto inalisha moto. Kule Virginia watu waliipenda mashini vilevile, lakini dhoruba moja ilitosha kuwamaliza. Pale Blowing Rock walitafuta pia namna mapenzi yale yatakavyojilipa. Michezo ya kuzunguka na mbuzi wa kulishwa vinaonekana vya kitoto, lakini ndivyo vinavyosaidia kununua makaa.

Na kuna karakana. Duka la kawaida haliuzi tena vipuri vya mashini ya mwaka 1917. Kikivunjika kitu, mafundi wanakitengeneza wenyewe, na wakati mwingine mashini za mahali pengine zinaletwa kwao kutengenezwa. Kijana anaanza kwa kufagia majivu, miaka inapita, naye anakuwa fundi. Ujuzi huo haukuandikwa wote katika vitabu. Uko katika mikono, na mkono unafundishwa na mkono mwingine. Ukikatika kwa kizazi kimoja tu, hata mashini ikibaki nzima itakuwa sanamu.

6. MAHALI MCHEZO UNAPODANGANYA

Tusisifu kila kitu. Mchezo wa wanyang'anyi unaochezwa njiani unafuata sinema za nchi za magharibi ya Marekani, za farasi na bastola. Lakini Tweetsie ni mtoto wa milima ya mashariki. Historia yake ya kweli ni mawe ya chuma, mbao, wakulima, na wafanyakazi waliokwenda kila siku katika viwanda vya nyuzi vya Elizabethton. Anayepanda leo bila kuelezwa anaweza kurudi nyumbani akijua bastola tu.

Tena, kwa miaka mingi katika mchezo ule waigizaji walijivika kama Wahindi Wekundu, wakishambulia gari ili abiria wacheke na kupiga kelele. Wenyeji wa kweli wa milima ya kusini ile ni Wacherokee. Mwaka 1838 askari wa Marekani waliwafukuza wengi wao kutoka nchi yao, wakawapeleka mbali magharibi, na maelfu walikufa. Wengine walibaki, na wazao wao wangali katika North Carolina mpaka leo. Aliyefukuzwa akifanywa mshambulizi katika mchezo, mtoto anacheka mahali ambapo angepaswa kunyamaza na kuuliza.

Hapo tunajifunza kwamba kutunza chuma ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutunza ukweli wake. Na hiyo ya pili haitaki makaa wala pesa nyingi. Inataka moyo.

7. NA SISI JE?

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, tunasoma kwamba Waisraeli walipovuka Yordani walichukua mawe kumi na mawili wakayasimamisha. Kwa nini? Ili watoto wa kesho wakiuliza habari za mawe yale, wazazi wawe na la kujibu. Jiwe peke yake halisemi. Linaamsha swali la mtoto tu. Kujibu ni kazi ya mkubwa anayejua.

Sisi nasi tuko na mawe yetu. Pembeni ya njia zetu za reli tunaona mabehewa yaliyolala katika majani, magurudumu, tangi za maji zilizokauka. Chuma kikisahauliwa, siku moja kinakatwa na kupimwa kwa kilo. Hatusemi kila kipande kitunzwe. Chuma kingine kikiyeyushwa kinakuwa jembe ao sufuria, na hiyo si dhambi. Lakini kabla ya kukata, mtu angeuliza: hiki kilifanya kazi gani? Nani aliyekiendesha? Nani alikufa akikijenga?

Swali la mwisho ni zito kwetu. Reli ya kutoka Matadi mpaka Kinshasa ilijengwa kutoka 1890 mpaka 1898. Hesabu ya wakubwa wenyewe ilisema Waafrika 1,800 na wazungu 132 walikufa katika kazi ile. Siku moja, vijana wa Kongo wakiwasha tena mashini ya zamani na kuwapakia watoto kwa matembezi, tutafurahi sana. Watoto wacheke, wale karanga, wapungie mkono wale wanaobaki chini. Lakini mahali fulani njiani gari lisimame, na habari za wale 1,800 zielezwe. Tusichukue matembezi ya wengine na kuacha somo lao, wala tusirudie kosa la kufanya mchezo juu ya maumivu ya mtu.

Kwa sasa, shodiere hatuna. Lakini wazee wa reli wangaliko. Katika jamaa nyingi za wanafunzi wa shule hii kuna babu, mjomba ao jirani aliyefanya kazi ya reli: fundi, mwenye kufunga mabehewa, mwenye kupiga kengele ya stasio, mama aliyeuza chakula madirishani. Wanajua vitu ambavyo havimo katika kaye zetu. Namna ya kusikia kwa sikio kama gurudumu limepasuka. Namna ya kusoma taa usiku. Hao hawatatungojea. Kila mwaka tunawazika.

Tunasema neno pia juu ya kazi ya mikono. Wako wanafunzi wanaocheka wenzao wa karakana kwa sababu wanarudi na mafuta mikononi. Lakini namba 12 haikuokolewa na mwenye hotuba. Iliokolewa na mfanyabiashara aliyeweka pesa na mafundi walioshika nyundo. Na wakati wa mtihani wa Serikali, swali la mvuke na nguvu litakuwa jepesi kwa yule aliyeelewa kifuniko cha chungu, kupita kwa yule aliyekariri mistari.

8. MASWALI YA KUJIBU

1) Eleza kwa nini njia nyembamba inafaa milimani, na utaje hasara yake moja.

2) Chora silinda na pistoni. Onyesha mvuke unaingia wapi na unatoka wapi.

3) Kwa nini mashini ya mvuke inapata moto mkali zaidi inapopanda mlima?

4) Tafuta maneno mengine matatu katika Kiswahili chetu yaliyotoka katika kazi ya mashini, sawa vile shofere. Eleza maana yake ya kwanza.

5) Mapenzi, pesa, mikono, ukweli: katika kutunza kitu cha zamani, kipi kikikosekana kinaharibu vyote? Toa sababu zako.

6) Kazi ya likizo: mwendee mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli. Msalimu inavyopaswa, mpelekee hata sukari kidogo, keti chini, umwombe akueleze siku moja ya kazi yake, kutoka asubuhi mpaka usiku. Andika maneno yake kama anavyoyasema, bila kuyapamba. Andika na miaka. Mrudishie umsomee, akusahihishe. Masimulizi mazuri yatapigwa katika gazeti hili, na yote yatawekwa katika maktaba ya shule, ili wadogo zetu wakiuliza kesho wapate jibu.

Kiongozi wa wanafunzi, pamoja na wenzake wa mwaka wa mwisho